Filamu ya Zamani Nyumbani: Sidii ya Pili Iko Wapi?

Leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni mchezo tu, yaani filamu za zamani tunazozitazama majumbani, hasa siku za Krismasi. Nimechagua filamu moja iwe mfano wetu. Nami nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hana uso wa kusahihisha la mwanafunzi.

Mwezi wa Desemba mwaka 2004, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nilikwenda kukaa likizo kwa mjomba wangu, Ubungo Kibangu. Mjomba alikuwa na kibanda cha kuonyesha video, katika vile ambavyo watu wa Dar es Salaam huviita vibanda umiza. Aliyewahi kukaa saa mbili juu ya mabenchi yale hana haja ya kuelezwa sababu ya jina hilo. Kilikuwa kibanda cha mabati, chenye televisheni moja, deki moja, na turubai mlangoni. Kiingilio kilikuwa shilingi mia.

Siku ya mkesha wa Krismasi mjomba alirudi na filamu aliyoinunua kwa mchuuzi mmoja karibu na stendi ya mabasi ya mikoani, ambayo siku zile ilikuwa pale Ubungo, kabla ya kuhamishiwa Mbezi mwaka 2021. Ilikuwa filamu ya Kiingereza, tena isiyo na rangi, jina lake Scrooge. Mjomba akaniambia, "Wewe unasoma Kiingereza shuleni. Kaa hapo karibu na televisheni utueleze." Basi nikakaa, nikaeleza.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Palikuwa na tajiri mmoja wa London, mzee, bahili, mkopeshaji wa fedha, jina lake Ebenezer Scrooge. Karani wake alifanya kazi katika baridi kali kwa kuwa bwana mkubwa hakutaka makaa yatumike. Usiku wa kuamkia Krismasi, mzuka wa mshirika wake aliyekufa zamani ulimjia, umefungwa minyororo, ukamwonya. Kisha wakaja pepo watatu. Wa kwanza akamwonyesha maisha yake yaliyopita, tangu utotoni. Wa pili akamwonyesha nyumba za watu usiku ule ule, na ndani ya nyumba ya karani wake akamwona mtoto mdogo mlemavu, mgonjwa, ambaye asingeishi muda mrefu kama hali ile isingebadilika. Hapo watu wa kibandani walikuwa kimya kabisa. Ndipo picha ikakatika. Sidii ilikuwa imekwisha.

Mjomba akatazama ndani ya bahasha. Hapakuwa na sidii nyingine. Watu wakaanza kunung'unika na kudai fedha zao. Katika wale waliokuwamo palikuwa na mzee mmoja jirani yetu, mwenye nyumba ya vyumba sita vya kupangisha. Mwezi ule mpangaji wake mmoja, mama muuza vitumbua mwenye watoto watatu, alikuwa amechelewesha kodi ya miezi miwili, naye mzee alikuwa amempa mpaka mwaka mpya awe ametoka. Jambo hilo mtaa mzima ulilijua. Mzee yule hakudai fedha zake. Aliniita, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mwisho wake huyu bwana ni nini?"

Ndugu zangu, sikuujua mwisho. Lakini nilikuwa nimekaa mbele ya watu kama mjuzi wa Kiingereza, nikaona haya kusema sijui. Nikajibu, "Alikufa, babu. Alikufa vile vile alivyo."

Mzee akacheka kidogo, akasema, "Nilijua. Samaki mkunje angali mbichi." Akachukua bakora yake akaenda zake. Mwezi wa Januari nilimwona yule mama akipakia kitanda na masufuria juu ya mkokoteni.

Sisemi kwamba sidii ya pili ingemwokoa mama yule. Mzee alikuwa na haki ya kudai kodi yake, na moyo wa mtu ni kichaka. Lakini aliniuliza swali la kweli, nami nikampa jibu la uongo. Mwaka uliofuata nilikikuta kitabu cha hadithi ile katika maktaba ya shule, kilichofupishwa kwa wanafunzi, nikagundua kwamba hadithi yote iliandikwa kwa ajili ya sehemu ile tusiyoiona. Yule tajiri hakufa. Aliamka asubuhi ya Krismasi, akabadilika.

Basi somo letu la leo ni hili: unaponunua filamu ya zamani, unanunua nini hasa? Je, ni nzima? Ni ipi kati ya zile zenye jina moja? Ni ya nani? Tuyatazame maswali haya moja moja.

Kwanza tuanze na hadithi. Mwandishi wake ni Mwingereza Charles Dickens. Kitabu kilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na kufikia mkesha wa Krismasi nakala zote 6,000 za chapa ya kwanza zilikuwa zimekwisha. Dickens aliyajua madeni kwa kuyaishi. Alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa gerezani kwa ajili ya deni, naye mtoto akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Muda mfupi kabla ya kuandika kitabu hiki alikwenda kutazama shule moja ya bure ya watoto maskini wa London, akarudi amejaa uchungu. Kwa hiyo kitabu hiki hakikuandikwa kwa kusifu sikukuu na vyakula vyake. Kiliandikwa kuwauliza wenye mali: je, mtu aliyekwisha kuwa mgumu aweza kulainika kabla hajafa? Jibu la Dickens ni kwamba aweza. Nalo jibu hilo liko mwishoni, si mwanzoni wala katikati.

Hadithi hii imefanywa filamu mara nyingi. Ya kwanza tunayoijua ilitengenezwa Uingereza mwaka 1901, filamu fupi ya dakika chache isiyo na sauti, na hata hiyo leo imebaki sehemu yake tu. Mwaka 1935 ikatengenezwa nyingine huko huko Uingereza, yenye sauti, mchezaji mkuu akiwa Seymour Hicks. Mwaka 1938 Wamarekani wakatoa yao. Kisha ikaja ile tuliyoionyesha Kibangu, ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst, mzaliwa wa Belfast, na aliyecheza nafasi ya tajiri ni Alastair Sim. Baada yake zimekuja nyingine nyingi, za nyimbo, za katuni, na hata za vikaragosi. Ndiyo sababu nakuambia kwamba jina peke yake halitoshi. Ile ya mwaka 1951 yenyewe ina majina mawili: Uingereza iliitwa Scrooge, na Marekani ikaitwa A Christmas Carol. Ukitaka kujua unanunua ipi, tazama mwaka na jina la mchezaji mkuu.

Sasa, filamu ya kwenye jumba la sinema ilifikaje nyumbani? Zamani mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kuona filamu alivaa vizuri akaenda mjini, Avalon, Empire au Empress, akakata tiketi. Filamu ilikuwa utepe mrefu wenye picha ndogo ndogo, 24 kwa kila sekunde, na hapana mtu aliyeweza kuuweka chini ya kitanda chake. Kisha mwaka 1976 kampuni ya JVC ya Japani ikatoa kanda za video za VHS. Kanda hizo zilienea mpaka kwetu, hata kabla ya kuwa na vituo vya televisheni. Kumbuka kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilipata vituo vyake mwaka 1994. Kwa hiyo kabla ya hapo wengi wa huku bara walionunua televisheni waliinunua kwa ajili ya deki.

Kanda ilikuwa na ubaya mmoja. Ukinakili kanda kutoka kanda nyingine, picha hufifia kidogo. Ukinakili nakala ya nakala, hufifia zaidi. Nakala ya tano hata uso wa mtu huutambui, na sauti huwa kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Wengi wetu tulizijua filamu za nje kwa nakala za namna hiyo, tukadhani ndivyo zilivyotengenezwa.

Baada ya kanda zikaja sidii za VCD, mwaka 1993, na baadaye DVD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Hapa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo ilipo siri ya kibanda cha mjomba wangu. VCD moja huchukua dakika 74 hivi. Filamu ile ya mwaka 1951 ina dakika 86. Dakika 86 haziwezi kuingia mahali pa dakika 74. Ndiyo maana filamu nyingi za VCD ziliuzwa katika sidii mbili, ya kwanza na ya pili. Aliyemuuzia mjomba alimpa ya kwanza tu. Huenda alimdanganya, huenda naye alidanganywa; sijui. Lakini mtu anayejua hesabu hii ndogo angegeuza bahasha, akasoma dakika, akauliza, "Ndugu, sidii ya pili iko wapi?" DVD huchukua saa mbili na zaidi, kwa hiyo taabu hii ilipungua DVD zilipoenea. Na siku hizi wengi huwekewa filamu katika flashi au kuichukua kwa simu. Chombo kimebadilika, lakini swali ni lile lile: je, ni nzima?

Wala usidhani kwamba kukatwa huku ni kwetu tu. Ile filamu ya mwaka 1935 ina dakika 78 hivi, lakini kwa miaka mingi nakala iliyoenea Marekani ilikuwa imepunguzwa hadi dakika 60 hivi. Watu walikua na nakala hiyo fupi wakaamini ndiyo filamu yenyewe.

Nitoe tahadhari hapa, ili usije ukamgombeza muuzaji bure. Televisheni za nchi yetu kwa muda mrefu zilitumia mtindo uitwao PAL, unaoonyesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Kwa hiyo filamu hukimbia kidogo kidogo, na filamu ya dakika 86 huisha kwa dakika 83 hivi. Ukiona bahasha imeandikwa 83, hapana kilichokatwa. Ukiona imeandikwa 60, hapo uliza.

Kuna mambo mengine mawili ya kutazama. La kwanza ni rangi. Filamu ile ilitengenezwa bila rangi, na katika mwaka 1989 ikatiwa rangi kwa kompyuta. Nchini Marekani kampuni ya VCI imeitoa katika DVD, na baadaye katika Blu-ray, na imeuza ile isiyo na rangi pamoja na ile iliyotiwa rangi. Katika toleo lao moja waliongeza hata ile filamu ya mwaka 1935, ili mtazamaji alinganishe. Huo ni uungwana kwa mnunuzi: anapewa vyote viwili, achague mwenyewe. Kwa maoni yangu ile isiyo na rangi ni bora, maana giza la chumba cha tajiri yule lilipangwa makusudi, na ukilipaka rangi umeliondoa giza na hofu yake. Jambo la pili ni umbo. Filamu za zamani zina umbo linalokaribia mraba, lakini televisheni za siku hizi ni pana. Ukiiona filamu ya zamani ina kiza pande mbili za kioo, usikasirike, hiyo ndiyo sahihi. Ikiwa imejaza kioo chote, ama watu wamevutwa wakawa wanene, ama vichwa na miguu vimekatwa.

Sasa tufikie swali la tatu, nalo ndilo gumu: filamu ni ya nani?

Dickens mwenyewe aliibiwa. Kitabu chake kiliuzwa shilingi tano za Kiingereza, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa wakati ule. Mwezi wa Januari 1844, hata mwezi mmoja haujaisha, wachapaji wengine wa London wakaitoa hadithi ile ile, wameibadili kidogo, kwa peni mbili. Dickens akawashtaki, akashinda. Lakini wale wachapaji wakatangaza kufilisika, na yeye mshindi akabaki kulipa gharama za kesi, pauni 700 hivi. Mwizi alikuwa hana kitu, na aliyeibiwa akalipa.

Nadhani wachezaji na watengenezaji wa filamu zetu wenyewe wakisikia habari hiyo watatikisa kichwa, maana wanaijua. Filamu za Kiswahili zilipoanza kuuzwa kwa kanda na sidii katika miaka ya 2000, mtu alitengeneza filamu kwa miezi, akaiuza leo, na kesho nakala zake zikawa kwenye meza za barabarani kwa bei ambayo yeye hawezi hata kununulia bahasha. Serikali ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, na chini yake ikaanzishwa COSOTA. Mwaka 2013 zikaletwa stempu za kodi za kubandikwa juu ya sidii za muziki na filamu, ili mnunuzi ajue ipi ni halali. Unapochagua ile isiyo halali kwa kuwa ni rahisi, tofauti ya bei unayookoa hutoka mfukoni mwa mtu, naye huenda anakaa Sinza au Mabibo, jirani yako.

Lakini haki ya kazi ya mtu haidumu milele. Ina miaka yake, kisha kazi huwa mali ya watu wote. Dickens alikufa tarehe 9 Juni 1870, kwa hiyo hadithi yake sasa ni ya kila mtu. Filamu ni jambo jingine, na kila nchi ina hesabu yake. Uingereza huhesabu miaka 70 baada ya kufa yule wa mwisho kati ya watu wanne, ambao ni mwongozaji, mwandishi wa mchezo, mwandishi wa mazungumzo, na mtunzi wa muziki wake. Hurst alikufa mwaka 1986, basi piga hesabu mwenyewe uone kwamba huko filamu ile bado ina mwenyewe. Sheria yetu ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, iliweka miaka 50 kwa filamu tangu kutolewa. Kwa hiyo sidii moja yaweza kuwa huru hapa na kufungwa kule. Anayetaka kunakili na kuuza asikisie. Aende COSOTA akaulize. Na anayetaka kuonyesha watu kwa kiingilio akumbuke kwamba kuna pia Bodi ya Filamu, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Mjomba wangu, Mungu amsamehe, hakuuliza popote.

Hata hivyo, nisiwe mkali kupita kiasi juu ya vibanda. Mwisho wa Desemba 1853 Dickens alikwenda mji wa Birmingham, akaisoma hadithi hii kwa sauti mbele ya watu, ili kuchangia fedha za chuo cha kuwaelimisha wafanyakazi. Aliomba kwamba usiku mmoja uwe wa wafanyakazi wenyewe, kwa kiingilio kidogo. Alijua kwamba hadithi iliyo ndani ya kitabu cha shilingi tano haimfikii mtu ambaye ingemfaa kuliko wote.

Na kwetu ni nani aliyezifikisha hadithi za lugha ngeni kwa watu wasiojua lugha hizo? Ni wafasiri wa vibandani. Wazee na vijana wa Dar es Salaam wanalijua jina la Lufufu, yaani Derek Mukandala, mmoja wa waanzilishi wa kuzieleza filamu za nje kwa Kiswahili, sauti yake ikitangulia ile ya wachezaji. Kenya yuko DJ Afro. Kampala kuna wengi wafanyao hivyo kwa Kiluganda. Watu hawa walifanya kazi ya ufundi. Ulimi wao uliwaleta Wahindi, Wachina na Wamarekani mpaka uani kwetu. Lakini ni kweli pia kwamba filamu walizozieleza hazikuwa zao, na kwa kawaida mwenye filamu hakuulizwa. Mambo haya mawili yote ni kweli, na mtu mzima aweza kuyashika yote mawili mikononi bila kulitupa moja.

Kwa mfasiri naongeza sharti moja tu, ambalo nililivunja mimi. Usilolijua, usilitunge. Ukishika sauti ya mwingine, umeshika amana. Mtazamaji hana njia ya kukupima, anakuamini. Sidii ikikatika, sema imekatika.

Je, tufanye nini basi, sisi tusio na fedha nyingi, ambao hadithi hii yatuhusu? Nitakuambia tulivyofanya katika darasa moja la jioni huku Ubungo ninalolitembelea kwa kazi yangu. Wanafunzi wengi ni akina mama wafanyao biashara ndogo ndogo. Nilipowasimulia habari za tajiri wa London, mama mmoja alisema, "Mwalimu, huyo namjua. Huyo ni kausha damu." Wote wakacheka, kisha wakanyamaza. Mikopo ya kausha damu wanaijua: unakopa leo, kesho asubuhi mtu yuko mlangoni kudai rejesho, na ukikosa anaondoka na jiko au televisheni. Wengine walikuwa na marejesho siku ile ile.

Tukakubaliana hivi. Filamu ina mwenyewe, lakini hadithi ni huru. Hapana sheria inayotuzuia kuichukua hadithi ya Dickens, tukaivalisha khanga, tukaicheza kwa Kiswahili chetu. Basi wanaandika mchezo wao. Tajiri wao si wa London, ni wa Ubungo, na daftari lake la wadaiwa limefungwa kwa mpira. Mzuka unaomjia una minyororo iliyotengenezwa kwa vyombo alivyowahi kunyang'anya watu: majiko, feni, cherehani. Wakimaliza, kijana mmoja ataurekodi kwa simu. Hiyo itakuwa filamu yao wenyewe, nao ndio watakaokuwa na haki ya kuiuza.

Palitokea ubishi mmoja tu, juu ya mwisho. Baadhi ya akina mama walisema tajiri afe, kwa kuwa hawajapata kumwona kausha damu aliyebadilika. Mmoja alisema, "Tukimbadilisha tutakuwa tunasema uongo." Nikawasimulia habari za yule mzee wa Kibangu na jibu nililompa. Sikuwaambia wamalize namna gani; mchezo ni wao. Walibishana mpaka saa mbili usiku. Mwishowe mama mzee kuliko wote akasema, "Sisi hatumwandikii yule aliyekwisha kufa. Tunamwandikia atakayekuwa amekaa kwenye benchi anatazama." Basi tajiri wao anaamka.

Katika filamu ya mwaka 1951, Alastair Sim akiamka asubuhi ile hucheka, hucheza, hata husimama kwa kichwa kama mtoto, mpaka yule mama mtumishi wake hukimbia akipiga kelele, anadhani bwana amepata wazimu. Mimi niliiona sehemu hiyo miaka mingi baadaye, katika DVD iliyokuwa nzima, peke yangu chumbani. Nilicheka, kisha nikamkumbuka mzee na bakora yake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, Krismasi ijayo ukialika jirani kutazama filamu, itazame wewe kwanza mpaka mwisho. Hakikisha ni nzima, ni halali, na kwamba wasiojua lugha yake watapata mtu wa kuwaeleza kwa uaminifu. Hujui nani atakuwa amekaa kwenye benchi. Mpaka kipindi kijacho, nawatakia kheri.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Soma mwaka, mchezaji mkuu na idadi ya dakika kabla ya kulipa.
2. VCD moja ni dakika 74 hivi. Filamu ndefu zaidi huhitaji mbili.
3. Hadithi ya kale yaweza kuwa huru, na filamu yake isiwe huru. Ukiwa na shaka, uliza COSOTA.
4. Anayefasiri asiongeze asilolijua.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Je, umewahi kutazama filamu iliyokatwa mwisho? Ulidhani iliisha namna gani?
2. Bei nafuu ya nakala isiyo halali hulipwa na nani?
3. Kama mngeicheza hadithi hii mtaani kwenu, tajiri wenu angekuwa nani, nanyi mngeimaliza vipi?